Mwasi ni Nani? Abushiri bin Salim na Msamiati wa Vita vya Mrima, 1888–1890

Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri bin Salim al-Harthi alinyongwa mjini Pangani kwa amri ya Hermann Wissmann, Kamishna wa Dola ya Ujerumani katika Afrika ya Mashariki. Miezi minne baadaye, Aprili 1890, Bwana Heri bin Juma wa Saadani, aliyekuwa amepigana na Wajerumani walewale na kwa muda mrefu zaidi, alikuja kusalimu amri. Huyo hakunyongwa. Alipokewa kwa heshima, akasamehewa, akaruhusiwa kurudi kwa watu wake. Wote wawili walikuwa wameitwa waasi katika taarifa zilizopelekwa Berlin. Mmoja alizikwa nalo jina hilo. Mwingine alivuliwa kama mtu avuliwavyo joho lisilomfaa.

Wanahistoria wameieleza tofauti hiyo kwa sababu za kisiasa na za kijeshi, na sababu hizo zina uzito. Hata hivyo, kuna upande wa jambo hili ambao ni wa mwanafunzi wa lugha hasa. Mtu hawi mwasi kwa kitendo chake peke yake. Huwa mwasi pale anapopatikana mwenye mamlaka ya kulitamka neno hilo juu yake, na wasikilizaji walio tayari kulikubali. Katika maisha ya Abushiri, sheria ilibadili mikono mara mbili bila yeye kuulizwa, na kila ilipobadilika alijikuta nje yake. Kuyafuata maisha hayo ni kufuata pia safari ya maneno machache: uasi, haramia, kutamalaki, na jina lake mwenyewe.

Jina na mwenye jina

Jina lake huandikwa Abushiri na pia Bushiri, na Wajerumani waliliandika Buschiri. Hakuna haja ya kutafuta ni lipi lililo sahihi. Majina yenye asili ya Kiarabu yaanzayo na irabu hupoteza mara nyingi mwanzo wake yanapozoeleka vinywani mwa watu wa pwani. Abubakari amekuwa Bakari kwa njia kama hiyo. Inaelekea kwamba Abushiri ndilo umbo la nasaba na la hati, na Bushiri ndilo umbo la barazani na sokoni. Katika mhadhara huu linatumika la kwanza, ila pale ambapo la pili ndilo lenye habari.

Baba yake alikuwa Mwarabu wa ukoo wa al-Harthi, na mama yake alikuwa wa asili ya Kioromo. Ukoo huo una umuhimu wake. Al-Harthi walikuwa na mizizi mirefu Afrika ya Mashariki, na uhusiano wao na nyumba ya al-Busaidi iliyotawala Zanzibar haukuwa wa utulivu. Mwaka 1859 walimuunga mkono Barghash bin Said alipojaribu kumpokonya kaka yake Majid kiti cha usultani. Jaribio lilishindwa, Barghash akahamishiwa Bombay, na al-Harthi wakabaki na kovu. Barghash aliporudi na hatimaye kutawala kuanzia mwaka 1870, hakuwa tena mwenzao. Abushiri alikulia katika kumbukumbu hizo, na alipokuwa mtu mzima hakuficha kwamba hajioni kuwa raia wa Sultani.

Riziki yake aliitafuta kama walivyoitafuta wengi wa tabaka lake. Alisafiri bara na misafara ya pembe za ndovu, kisha akatulia Pangani na kulima miwa kandokando ya mto. Pangani ya wakati huo ilikuwa mji wa sukari guru na asali ya miwa, na mashamba hayo yaliendeshwa kwa kazi ya watumwa, kazi nzito ya kukata miwa na kusukuma vinu. Hapa hapana budi kusema wazi jambo ambalo vitabu kadhaa vya baada ya uhuru vimelipita kwa haraka: Abushiri alikuwa mmiliki wa watumwa. Katika miaka ya 1870 watumwa wa upande wa pili wa mto waliyaasi mashamba na kwenda kuanzisha makazi yao ya watoro. Kila mwenye shamba wa Pangani alijua maana ya neno mtoro, na alilitumia kwa hasira ya mtu aliyepoteza mali. Abushiri hakuwa tofauti nao. Kwamba yeye mwenyewe angemaliza siku zake akikimbia porini, bila chakula na bila watu, ni jambo ambalo watoro hao wangeweza kulitazama kwa macho yao wenyewe.

Neno uasi na sharti lake

Kitenzi asi kimetoka katika Kiarabu, na kimekaa katika Kiswahili muda mrefu kiasi cha kupata matumizi yasiyotokana moja kwa moja na huko kilikotoka. Mwana huweza kuwaasi wazazi, mja humwasi Mola wake, askari huasi jeshi. Maasi ni dhambi, na maasi pia ni ghasia dhidi ya serikali. Hata mtu anapooa husemwa kwa utani kwamba ameasi ukapera, kana kwamba ukapera ni chama alichokula kiapo cha kukitumikia. Utani huo una faida kwa mchambuzi, kwa sababu unaonyesha sharti lililojificha katika kila matumizi ya neno hili. Ili mtu aasi, lazima kwanza awe alitii, au awe alipaswa kutii. Mgeni hawezi kuwaasi wazazi wa mwenzake. Asiyekuwa kapera hawezi kuasi ukapera.

Neno haramia halina sharti hilo. Nalo limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi uleule wa haramu, na humtaja mnyang'anyi kwa kile anachokifanya: huchukua kisicho halali kwake. Haramia ni haramia hata kama hajawahi kula kiapo kwa mtu yeyote. Ndiyo maana watawala wengi, wanapopambana na mtu asiyewahi kuwa raia wao, huelea kati ya maneno haya mawili. Humwita mwasi wanapotaka kuonyesha kwamba nchi ni yao, na humwita mnyang'anyi wanapotaka kuonyesha kwamba hana hoja. Taarifa za Wajerumani za miaka ya 1888 na 1889 zilimwita Abushiri kwa maneno yao yenye maana zote mbili, wakati mwingine katika ukurasa mmoja.

Swali basi ni hili: Abushiri alikuwa ametii nani? Sultani wa Zanzibar alidai pwani yote ya Mrima kuwa yake, na alikuwa na liwali Pangani, askari wachache na forodha. Lakini utawala wake ulitegemea maelewano na majumbe wa miji, ambao walikuwa na ada zao kutoka kwa misafara na heshima zao za kale. Nje ya mji, amri ya Sultani ilikuwa maneno zaidi kuliko nguvu. Abushiri aliishi katika pengo hilo. Tangu kabla Mjerumani hajatia mguu Pangani alikuwa tayari mtu wa kutiliwa shaka Zanzibar. Hiyo ndiyo mara ya kwanza alipokuwa nje ya sheria, na haikumsumbua sana, kwa sababu sheria yenyewe ilikuwa mbali.

Pangani, Agosti 1888

Sultani Barghash alifariki Machi 1888, na ndugu yake Khalifa akashika kiti. Tarehe 28 Aprili Khalifa alitia sahihi mkataba na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, akaikabidhi kampuni hiyo usimamizi wa pwani kutoka mto Umba hadi Ruvuma kwa miaka 50. Usimamizi ulikuwa uendeshwe kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake, na mkataba ulianza kutekelezwa katikati ya Agosti.

Inafaa kutua kidogo hapa. Mkataba uliandikwa Zanzibar baina ya Sultani na wafanyabiashara wa Berlin. Majumbe wa Pangani hawakuwapo, wala hawakuulizwa. Kwa lugha ya mkataba hakuna kilichobadilika isipokuwa msimamizi. Kwa watu wa Pangani kilichobadilika kilikuwa kila kitu: nani anatoza forodha, nani anathibitisha umiliki wa shamba, nani anasikiliza kesi, bendera ya nani inapepea na wapi. Kampuni haikuridhika na bendera ya Sultani pekee. Ilitaka yake nayo ipande. Liwali alipokataa, mwakilishi wa kampuni, Emil von Zelewski, aliita manowari. Askari wa majini wa meli Carola walishuka Pangani katika siku za Idi ya kuchinja, na wenyeji walilalamika kwamba msikiti uliingiliwa kwa viatu na mbwa.

Zelewski alipewa na watu wa pwani jina la Nyundo. Lakabu za aina hii ni hazina ambayo wanaisimu wa Kiswahili hawajaichimba vya kutosha. Ni uamuzi wa hukumu uliofupishwa katika nomino moja, na hausomwi na yule anayehukumiwa. Mtu huyo hakuona haja ya kubembeleza, na watu hawakuona haja ya maelezo marefu. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1891, akiwa kiongozi wa kikosi cha serikali, aliuawa na Wahehe huko Lugalo pamoja na sehemu kubwa ya askari wake.

Mwanzoni mwa Septemba 1888 watu walijaa Pangani, wakamfungia Zelewski na wenzake ndani ya nyumba. Sultani alimtuma Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi lake, kutuliza mambo. Mathews alifanikiwa kuwaondoa Wajerumani, kisha yeye mwenyewe akalazimika kuondoka. Tukio hilo la pili husahaulika, nalo lina maana kubwa. Umati ule haukuwa unamtetea Sultani dhidi ya kampuni. Uliona kwamba aliyekodisha nchi ambayo haikuwa yake kukodisha ndiye aliyevunja maelewano. Kwa mtazamo huo, mwasi wa kwanza alikuwa Khalifa.

Ni akina nani waliokuwa katika umati huo? Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu pwani ya Mrima, ameonyesha kwamba vurugu hizi hazikuanzishwa na wenye mashamba wa Kiarabu. Walioanza walikuwa watu wa mjini wa asili ya Kishirazi, wapagazi, watu wa bara waliokuja na misafara, na hata watumwa. Kila kundi lilikuwa na manung'uniko yake, na mengine yalikuwa dhidi ya wenye mashamba hao hao. Abushiri aliingia baadaye. Alipokea uongozi wa harakati iliyokwisha kuwaka, na tangu siku ya kwanza hakuwa na uwezo wa kuizima wala wa kuielekeza apendavyo. Kuziita vita hizi vita vya Abushiri, kama inavyozoeleka, ni kuwafuta watu hao wote kwa kiunganishi kimoja cha umilikishi.

Mateka na fidia

Mambo yaliyomjenga Abushiri katika miezi iliyofuata ndiyo pia yaliyombomoa. Mpelelezi Hans Meyer na mwenzake Oscar Baumann walikuwa wakirudi kutoka Usambara walipokamatwa karibu na Pangani. Abushiri aliwafunga minyororo, kisha akawaachia kwa fidia ya rupia 10,000. Meyer alirudi Ulaya, akajiandaa upya, na tarehe 6 Oktoba 1889, wakati Abushiri akiwa bado anawindwa, alifika kilele cha Kilimanjaro. Baumann aliandika kitabu kuhusu mkasa huo, na picha ya Abushiri inayotokea katika maandishi ya Wazungu wa wakati ule imechanganyika: mtu mwenye kiburi, mwenye maneno mengi, mkatili anapotaka, na mwenye murua pale murua unapomletea faida au sifa.

Askofu Smythies wa misheni ya UMCA alipojikuta Pangani katikati ya ghasia, Abushiri ndiye aliyemkinga na watu waliotaka kumuua. Mapadri wa Kifaransa wa Bagamoyo aliwaacha salama, na misheni yao ikawa kimbilio la watu wengi. Lakini Januari 1889 misheni ya Wabenedikto huko Pugu ilivamiwa, baadhi ya wamisionari wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Tofauti ya matendo haya haipatani na picha ya mnyang'anyi asiye na mpango, wala na picha ya shujaa asiye na doa. Wabenedikto walikuwa Wajerumani. Smythies na mapadri wa Bagamoyo hawakuwa. Abushiri alikuwa akitofautisha mataifa kwa makini zaidi kuliko Wazungu walivyokuwa wakiwatofautisha watu wa pwani.

Wakati huohuo vita vilikuwa vimepata jina huko Ulaya. Kadinali Lavigerie alikuwa akihubiri kampeni dhidi ya biashara ya watumwa, na Oktoba 1888 mkutano mkubwa ulifanyika Köln kuiunga mkono. Bismarck, ambaye hakuwa na hamu ya kutumia fedha za dola kuiokoa kampuni iliyoshindwa, alipata njia. Mwanzoni mwa Februari 1889 ilipitishwa sheria ya kupambana na biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Ujerumani katika Afrika ya Mashariki, pamoja na marki milioni 2. Matukio ya pwani yakaitwa Uasi wa Waarabu. Jina hilo lilikuwa sharti la fedha hizo, kwa kuwa bunge lisingepiga kura kwa urahisi kuwapiga Washirazi, wapagazi na watumwa waliokasirishwa na ushuru wa kampuni. Kuwapiga Waarabu wauza watumwa kulikuwa jambo jingine. Na hapo alihitajika Mwarabu mmoja mwenye jina.

Ni lazima ikumbukwe kwamba Abushiri alilifaa jina hilo kwa kiasi fulani. Alikuwa na watumwa. Alikuwa wa ukoo unaojulikana. Propaganda nzuri haibuni kila kitu; huchagua.

Katika majira hayo Abushiri alizungumza na Admirali Deinhard juu ya kusimamisha vita, na akapokea fidia ya mateka wa Pugu. Kwa mkuu wa kisiasa, mazungumzo ni busara. Kwa umati uliofukuza kampuni na jenerali wa Sultani, kiongozi anayepokea rupia kutoka kwa adui ni mtu wa kuangaliwa mara mbili. Wengi walimwacha. Waliobaki naye walikuwa na haja ya kulipwa, na fedha za kuwalipa zilipatikana kwa njia ileile iliyowaondoa wenzao.

Kuanguka

Wissmann alifika na askari wa Kisudani waliokusanywa Misri na wengine wa asili ya Kizulu waliotoka Msumbiji. Tarehe 8 Mei 1889 aliishambulia ngome ya Abushiri iliyojengwa kwa miti karibu na Bagamoyo. Zaidi ya watu 100 wa Abushiri waliuawa. Yeye mwenyewe alitoroka. Mwezi Juni ulianguka mji wa Saadani, na Julai Pangani na Tanga. Pwani ikawa imekwisha.

Abushiri alikwenda bara, akakishambulia kituo cha Wajerumani Mpwapwa. Kisha akafanya jambo lililomaliza jina lake jema kwa watu waliokuwa bado wanamwamini. Alikwenda kuwaleta Wambunga kutoka kusini, wapiganaji waliofuata mbinu za Kingoni na waliotisha kiasi kwamba watu wa pwani waliwaita Mafiti, jina lililotumiwa kwa wavamizi wa namna hiyo bila kujali kabila. Wambunga hawakuja kuwakomboa watu wa Mrima. Waliishukia Uzaramo, wakachoma na kupora, na walioporwa ni walewale ambao mwaka mmoja kabla walikuwa upande wa Abushiri. Oktoba 1889 von Gravenreuth aliwapiga huko Yombo, nao wakarudi kwao. Hapo neno haramia, ambalo Wajerumani walikuwa wamelirusha kwake kwa mbali, lilipata wasemaji wapya. Mzaramo aliyechomewa nyumba hakuhitaji kufundishwa na Berlin.

Hili linastahili kusisitizwa, kwa sababu masimulizi ya kishujaa hulikwepa. Abushiri hakuangushwa na mizinga ya Wissmann peke yake. Ngome ya Bagamoyo ilipovunjwa alipoteza watu na silaha, ila alibaki na nchi ya kukimbilia. Baada ya Uzaramo nchi hiyo haikuwapo. Alijaribu kupenya kaskazini kuelekea alikokuwa Bwana Heri, kundi lake likipungua kila siku, na tuzo ikiwa imewekwa kwa atakayemkamata. Alikamatwa na mwenyeji mmoja mkuu wa kijiji, akiwa na njaa na nguo zilizochakaa, akakabidhiwa kwa Dakta Schmidt aliyekuwa akimfuatia. Akapelekwa Pangani, kwenye mji wa shamba lake, akanyongwa.

Kuhusu Bwana Heri, alikuwa mtawala mwenyeji wa Saadani, mwenye watu wake Uzigua. Hakuwahi kukubali kwamba Sultani ni bwana wake, na kwa upande huo hoja yake na ya Abushiri zilikuwa moja. Vita vyake vilikuwa vigumu zaidi kwa Wajerumani kuliko vya Abushiri, na viliisha kwa njaa zaidi kuliko kwa risasi. Lakini yeye hakuwa Mwarabu wa kuonyeshwa bungeni. Alikuwa mtu ambaye serikali mpya ingeweza kumhitaji ili kuituliza nchi yake. Kwa hiyo neno mwasi liliondolewa juu yake. Mwaka 1894 alipigana tena, na neno likarudi.

Anayetamalaki ni nani?

Shahidi mkubwa wa Kiswahili katika jambo hili ni Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mwanachuoni na mshairi, aliyetunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima mwaka 1307 wa Hijria, yaani vita vyenyewe vikiwa havijapoa. J. W. T. Allen aliuhariri na kuuchapisha mwaka 1955. Utenzi huo husomwa mara nyingi kama chanzo cha habari: nani alikwenda wapi, meli ipi ilipiga mzinga siku gani. Usomaji huo unafaa, ila unaanzia ubeti wa kwanza, na hoja kubwa ya mshairi imekwisha kutolewa katika anwani.

Ilinganishwe anwani hiyo na jina la Kijerumani. Uasi wa Waarabu ni nomino dhahania yenye mtenda mmoja, Waarabu. Wajerumani hawamo kabisa. Kwa mujibu wa sarufi ya jina hilo, pwani ilikuwa imetulia mahali pake, na Waarabu wakainuka. Nani alikuja, kwa meli gani, kwa hati iliyotiwa sahihi wapi, hayo yote yamo nje ya kirai. Katika anwani ya Hemedi watenda ni Wadachi, tendo ni kutamalaki, na kinachotendwa ni Mrima. Waarabu hawatajwi, wala Abushiri. Kinachotajwa ni nchi, kwa jina lake la kienyeji lisilo la kabila lolote.

Na kitenzi chenyewe kimepimwa. Mshairi angeweza kusema kushinda, kuteka au kutawala. Kutamalaki kumetoka katika mzizi uleule wa milki na miliki, na katika umbo lake la Kiarabu kuna maana ya kujitwalia, kujifanya mwenye mali. Ni neno la hati na la mahakama ya kadhi. Linauliza swali lilelile ambalo mkataba wa Aprili 1888 ulidhani umelijibu: mwenye nchi ni nani? Kwa msomaji aliyezoea fikihi ya mirathi na ununuzi, kutamalaki kunaweza kuwa kwa haki au kwa dhulma, na anwani inamwachia msomaji aamue baada ya kusikia habari yote.

Utanzu nao ulimsaidia mshairi. Hemedi ndiye aliyetunga pia Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani, ambao ni wa vita vya zama za Mtume. Utenzi wa vita wa pwani ulikuwa na viti vyake vilivyopangwa tangu zamani: watu wa dini upande huu, makafiri upande ule. Mtu anayepigana na mvamizi asiye Mwislamu hukaa katika kiti cha mujahidi hata kama mwenendo wake una kasoro, na hakuna kiti cha mwasi kilicho wazi kwake. Utanzu ulikwisha kutoa hukumu kabla ya mshairi kuanza kupanga vina. Faida ya jambo hilo iko wazi. Hasara yake ni kwamba viti hivyo havina nafasi ya Mzaramo aliyechomewa nyumba na washirika wa mujahidi.

Baada ya uhuru, wanahistoria wa Dar es Salaam na waandishi wa vitabu vya shule walileta msamiati wa tatu. Uasi uliondoka, ukaja upinzani. Waasi wakawa mashujaa wa mwanzo wa harakati za taifa. Mabadiliko hayo yalikuwa ya lazima, kwani haikuwa sawa kwa nchi huru kuendelea kusoma historia yake kwa majina yaliyotungwa ili kupata marki milioni 2. Hata hivyo, neno upinzani nalo lina sharti lake. Linamfanya anayepingwa kuwa kipimo cha kila jambo. Mpagazi, mtumwa na jumbe wa Pangani walikuwa na ugomvi wao na Abushiri mwenyewe, wa zamani kuliko ugomvi wao na Nyundo, na ugomvi huo hauna pa kuandikwa katika sura inayoitwa upinzani. Kati ya majina yote matatu, la Hemedi ndilo linaloacha mlango wazi zaidi, kwa sababu linasema tu kilichotendwa nchi.

Tarehe 1 Januari 1891 Dola ya Ujerumani ilichukua pwani rasmi kutoka kwa kampuni, baada ya kumlipa Sultani marki milioni 4. Kutamalaki kukakamilika, kwa risiti.

Katika Wilaya ya Pangani leo kuna kata iitwayo Bushiri, kwa umbo lile fupi la barazani. Kisarufi jina limehama. Lilipokuwa la mtu lilichukua upatanisho wa ngeli ya watu: Bushiri alipita, Bushiri amekamatwa. Sasa, likiwa la mahali, huchukua upatanisho wa mahali. Husemwa Bushiri kuna mkonge, Bushiri kumenyesha, na anayetoka huko akiulizwa kwao ni wapi hujibu kwa neno moja.